Kichwa cha mtu kisomwe au kisisomwe?

Kibatari: Chile waliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba mwaka 2021. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu yao ikaiamuru kampuni ya vifaa vya kuvaa kichwani ifute data za ubongo za seneta wa zamani. Nauliza: polisi au mwajiri aruhusiwe kusoma kichwa cha mtu?

Mzee Kobe: Asiye na kosa anaogopa nini? Nikikipata hicho kifaa naanza na mke wangu.

Bi Nyota: Umeulizwa habari za polisi, umekimbilia chumbani. Mkeo ni mshitakiwa?

Mzee Kobe: Utani tu, dada. Mbona umewaka, limekugusa?

Bi Nyota: Limenigusa, ndiyo. Niliyeachana naye alikuwa akisoma simu yangu kila usiku nikilala. Nikazoea kufuta hata meseji za mama. Siku moja kanikuta nimekaa naangalia ukuta, akaniuliza mara tatu, "Unawaza nini?" Nilikuwa nimebakiwa na hapo tu.

Kipanga: Pole sana. Ila tusitishane. Kuna chombo cha chuo cha Texas, Marekani, 2023, cha kugeuza mawazo kuwa maneno: mtu alilala kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, kama saa 16 ndipo kikamzoea. Na akiamua kuhesabu kimoyomoyo, hakiambulii kitu. Mke gani atakubali?

Mzee Kobe: Namwambia ni kipimo cha mgongo 😂

Bi Nyota: Mnamwona?

Kalamu Butu: Turudi kwa polisi. India, 2010, Mahakama ya Juu ilikataza kumpima mtuhumiwa ubongo bila ridhaa yake.

Mzee Kobe: Wahalifu wanalindwa, kama huko Brazil. Kumbukumbu ya mwizi ni ushahidi!

Kalamu Butu: Ni Chile, mzee. Na ushahidi gani? Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus aliwasimulia watu kwamba utotoni walipotea madukani. Robo hivi wakaja "kukumbuka" kisa ambacho hakikutokea. Utamfunga mtu kwa uongo anaouamini mwenyewe?

Mama Wawili: Na sisi tunaotaka kufutiwa kumbukumbu je? Nina siku moja tu ya kufuta, ningelipa chochote.

Bi Nyota: Zangu ziacheni. Nikizisahau nitaolewa na mwingine kama yule.

Kipanga: Au na Kobe.

Mzee Kobe: Jamani, mke wangu amesimama nyuma yangu anasoma. Kaniuliza nawaza nini. Nimemwambia siwazi kitu.