Mrejesho: Ile miembe miwili mikavu ya uani, Tabora

Wakuu, nilikuja hapa kuomba ushauri kuhusu miembe miwili iliyokaukia uani, mmoja ukiwa umeinamia jikoni. Shukrani kwa mliojibu, hata aliyesema niichome moto (huyo sijui alikuwa na nini siku hiyo).

Nilipita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nikamwita fundi wa chenso. Ulioinamia jikoni hatukuuangusha mzima. Kijana alipanda mwarobaini wa jirani, akafunga kamba kwenye matawi, tukayashusha moja moja. Alikataa kabisa kukanyaga matawi ya mwembe wenyewe, na alikuwa sahihi: mawili yalivunjika yenyewe tulipoyavuta.

Wa pili ulikuwa tupu ndani, mchwa wameumaliza. Huo umekuwa kuni, mama watoto hanunui mkaa siku hizi.

Gogo la kwanza ndilo lililonifurahisha. Tumelipasua mbao za inchi mbili, na ndani lina mistari ya kahawia na nyeusi, sikutegemea. Aliyenionya nisikimbilie kutengeneza meza kabla mbao hazijakauka vizuri, nimekusikia: nimezipanga kivulini juu ya matofali, vijiti katikati hewa ipite, na ncha nimezipaka rangi zisipasuke. Oili chafu nimeipaka kwenye matofali tu, dhidi ya mchwa. Ubao mmoja niliouacha juani kwa uzembe umejipinda kama upinde.

Visiki bado vipo. Kimoja watoto wamekifanya kiti, nakiacha.