Bajeti ya Google imekatwa, simu za kazi hazilipi: niendelee au nizime?

Mpulizaji_SouthB

Habari zenu wakubwa. Tuna biashara ndogo ya kupulizia dawa ya wadudu, vijana wachache na Probox moja. Leseni ya PCPB, bodi ya serikali ya dawa za wadudu, tunayo. Kazi kubwa ni kunguni na mende kwenye nyumba za kupanga, na mchwa mara mojamoja. Tulikuwa tukiweka shilingi 1,500 kwa siku kwenye matangazo ya Google. Sasa mwenzangu anayeshika mfuko amesema mwisho ni 600, kwa sababu kadi inakatwa na haoni kazi zinazolingana na hizo hela.

Simu zinaingia, si kwamba haziingii. Shida ni wanaopiga. Huyu anauliza lita ya dawa tunauza pesa ngapi. Yule anataka kujua kama tunaandika watu kazi. Juzi nimeongea na mama mmoja vizuri kabisa, tumekubaliana bei, kumuuliza nyumba iko wapi akaniambia Eldoret.

Kampeni ni moja tu, ina maneno kama arobaini hivi tunayolipia ili mtu akiyatafuta tangazo litokee, imeelekezwa Nairobi, na anayebofya anaangukia ukurasa wa kwanza wa tovuti yetu. Kwa hiyo 600, kuna namna ya kupata wateja zaidi? Ama nizime tu nichapishe vikaratasi nibandike kwenye nguzo za stima?

Shangazi wa Umoja

Nguzo za stima waachie waganga, wamezijaza. Google nayo usiizime.

Mimi huendesha matangazo ya biashara mbili za hapa mjini, moja ya kuhamisha watu nyumba, nyingine ya kuosha matangi ya maji, na zote mbili ni za kuhesabu shilingi. Kabla hujagusa kitu, fungua ripoti inayoonyesha watu waliandika nini kabla ya kubofya tangazo lako. Si ile orodha ya maneno uliyonunua wewe. Ni walichoandika wao, kwa mkono wao. Ipange kwa gharama, kubwa ianze juu, halafu usome.

Utakuta "jinsi ya kuua kunguni kwa maji moto". Utakuta "dawa ya kunguni lita moja". Utakuta watu wa kozi, watu wa ajira, mtu anayetafuta cheti cha kufukiza kontena la kupeleka ng'ambo, na mkulima mwenye magunia ya mahindi. Wote hao umewalipia. Waingize kwenye maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo mtu akiyaandika tangazo lako halitokei, leo leo. Hapo kuna mtego: kwenye maneno ya kuzuia, Google haikutafutii visawe. Ukizuia "kozi", mtu wa "mafunzo" atapita bila kubisha hodi. Kwa hiyo andika yote, tena uyarudie kwa Kiingereza, maana Nairobi wengi hutafuta kwa Kiingereza hata kama nyumbani wanaongea lugha nyingine. Ila neno "bei" usilizuie likiwa peke yake. Anayeuliza bei ya kupuliziwa nyumba ndiye mteja mwenyewe. Zuia "lita", "duka", "kununua", "jinsi ya".

Sasa mama wa Eldoret. Ukichagua Nairobi, mipangilio ya kawaida ya Google huchukua walio Nairobi pamoja na wale walioonyesha tu kwamba wanavutiwa na Nairobi. Ingia kwenye chaguo za mahali, weka waliopo au wanaofika mara kwa mara peke yao. Ukiwa humohumo, angalia kama tangazo lako linatokea pia kwa washirika wa utafutaji, yaani tovuti nyingine za kutafutia, na kwenye mtandao wa maonyesho, yaani zile picha za kwenye tovuti na programu za watu. Visanduku hivyo mara nyingi huja vimeshawekewa alama. Viondolee.

Halafu jiografia yenyewe. Ruaka iko Kiambu, Rongai na Kitengela ziko Kajiado, Syokimau iko Machakos. Kama umechagua kaunti ya Nairobi, fleti zote hizo umezifungia nje, ilhali Eldoret umeilipia! Tumia duara, uhesabu kilomita kutoka ulipo. Lakini kwa 600 usiwe na tamaa. Wewe uko South B: chukua South C, Nairobi West, Imara Daima, ushuke na Mombasa Road hadi Syokimau. Kazi ya Ruaka ukitoka South B saa kumi na moja jioni ni mafuta na matusi tu.

Maneno arobaini kwa 600, hapana. Tuseme kliki moja inakula shilingi 60: una kliki kumi kwa siku. Kliki kumi zigawane mende, panya, mchwa na kunguni? Mimi ningebaki na kunguni. Mende mtu huishi naye, akichoka anapita dukani. Kunguni mtu halali, watoto wamejaa alama, na aibu ya mgeni kukaa kwenye kochi. Huyo akitafuta usiku, asubuhi anataka mtu mlangoni. Tena mayai ya kunguni hustahimili dawa nyingi, kwa hiyo lazima urudi baada ya kama wiki mbili, na bei yako inabeba safari zote mbili. Chukua maneno matano au sita ya huduma ya kunguni, uyafunge kwa alama za nukuu au mabano ya mraba ili Google isiyatanue ovyo. Nasema ovyo kwa sababu hata ukifunga bado itayatanua kidogo. Ndiyo maana ile ripoti haisomwi mara moja ukamaliza.

Na anayebofya kunguni afike kwenye ukurasa wa kunguni. Asianze kusoma dira na dhamira ya kampuni. Bei ya kuanzia, mitaa mnayofika, kwamba safari ya pili imo ndani ya bei, namba ya leseni, na kitufe cha kupiga simu juu kabisa. Hili si pambo. Kila neno Google hulipatia alama kati ya 1 na 10, ikitazama kama watu wanatarajiwa kubofya, kama tangazo linaendana na walichotafuta, na kama ukurasa unawafaa. Ubora ukipanda, unaweza kukaa juu ya jirani yako ukiwa umelipa kidogo kuliko yeye kwa kliki.

Nikuulize pia: usiku simu anapokea nani?

Ruaka_Mtafutaji

Shangazi umeongea, lakini Google ni ya wenye pesa. Weka 300 kwa siku Facebook, tangazo la kwenda WhatsApp moja kwa moja, meseji zitaingia mpaka uchoke.

Shangazi wa Umoja

Mpaka uchoke, hapo umesema kweli. Kwa keki, viatu, vitu vya kutamanisha macho, nakuunga mkono. Lakini kwenye Facebook mtu alikuwa anatazama harusi ya binamu yake, umemkatiza na picha ya kunguni. Atauliza "how much" halafu kimya. Wa Google ameandika shida yake mwenyewe.

Mpulizaji_SouthB

Shangazi, nimefungua hiyo ripoti. Sitaki mwenzangu aione. "Dawa ya kunguni" tupu imekula kuliko maneno yetu yote ya huduma, na ya maji moto nimeyakuta, sijui ulijuaje.

Nimepunguza maneno na mitaa kama ulivyosema. Mambo mawili yananitatiza. Kwanza, ile alama ya uboreshaji kwa asilimia imeshuka, na Google inaniambia niongeze bajeti na nitumie maneno mapana, yaani yasiyofungwa. Pili, nimeweka 600 lakini jana imekula 1,100. Huo si wizi?

Usiku simu hapokei mtu. Naizima saa mbili.

Shangazi wa Umoja

Si wizi, mwanangu. Siku moja wanaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti yako, siku nyingine wanapunguza. Kwa mwezi hawavuki mara 30.4 ya bajeti ya siku. Kwa 600 hiyo ni 18,240. Mwambie mwenye mfuko hiyo namba ya mwezi, ile ya siku itamtia presha bure.

Alama ya uboreshaji ni kipimo cha jinsi unavyofuata ushauri wao. Haiingii kwenye mnada wa tangazo, pale Google inapoamua la nani litokee. Pendekezo lisilokufaa unalikataa na alama inapanda vilevile. Ila angalia kama umeruhusu mapendekezo yajitekeleze yenyewe. Zima hiyo, la sivyo utaamka ukute maneno mapana yamerudi.

Na kama simu inazimwa saa mbili, tangazo nalo lizimwe saa mbili. Ratiba ipo. Ama uache la usiku liende WhatsApp, ujibu alfajiri kabla hajampata mwingine.

Mhasibu_Donholm

Naongezea dogo. Nunua laini mpya iwe ya matangazo peke yake, isiandikwe kwenye gari wala kwenye risiti. Simu ikiingia hapo, imetoka Google, hakuna kubahatisha. Kiungo cha WhatsApp nacho kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari, kama "Nimeona tangazo, nina kunguni", mteja anatuma tu. Kisha daftari: mtaa, alikuwa na shida gani, alilipa ngapi au kwa nini hakulipa. Mwenzako anayeshika mfuko ataelewa daftari kuliko grafu.

Mpulizaji_SouthB

Laini nachukua leo. Swali la mwisho: wenye ploti wanaotaka jengo zima lipuliziwe, niwatafutie maneno yao kwenye kampeni hiihii?

Shangazi wa Umoja

Hapana. Mwenye ploti hatafuti kama mpangaji, na ukurasa wa kunguni wa chumba kimoja hautamshawishi. Akishapatikana atataka risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA, na mkataba. Ngoja kunguni wajilipie kwanza, kisha umfungulie kampeni yake na bajeti yake. Kwa sasa wapitie makeateka, yaani wasimamizi, wa nyumba mlizokwisha pulizia, hao hawatozi kwa kliki.