Mjadala: Kodi isomeshe bingwa wa uzazi wa mbwa?

Mleta mada:
Wakuu, hili tulijadili bila kejeli. Kuna hoja kwamba serikali igharamie madaktari wa mifugo wanaotaka kubobea katika uzazi wa mbwa. Wanaopinga huuliza: ng'ombe anatupa maziwa, mbwa anatupa nini? Mimi naunga mkono, na aliyenifikisha hapo ni mbwa wangu.

Alitoka kwenye joto (kile kipindi jike anataka dume), zikapita wiki kama sita. Akaanza kunywa maji hadi bakuli linakauka, chakula hagusi, tumbo likatuna. Daktari wa kwanza akasema minyoo, akampa dawa. Hakukuwa na uchafu uliotoka nyuma, ndiyo maana hakushtuka. Siku ya tatu mwingine akampima kwa ultrasaundi: kizazi kimejaa usaha, mlango umefunga. Alipasuliwa usiku uleule, kizazi kikatolewa. Alipona, ila ilikuwa karibu tumzike.

Yule wa kwanza simlaumu sana, amezoea ng'ombe. Sasa mbwa jike, awe na mimba asiwe nayo, projesteroni yake, yaani homoni ya kutunza mimba, hukaa juu kama miezi miwili baada ya joto. Kizazi kinaandaliwa kwa watoto ambao hawapo, bakteria wakiingia wanakuta kitanda kimetandikwa. Hata yai la mbwa hutoka likiwa changa, linangoja siku mbili tatu likomae. Ukimpandisha kwa hesabu za ng'ombe unapoteza muda.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole kwa mbwa. Lakini usaha kwenye kizazi kila daktari wa mifugo anapaswa kuujua, huhitaji bingwa. Waongezewe masomo ya mbwa kwenye shahada, yaishe. Huyo bingwa wenu kesho utamkuta anapandikiza mbegu za mbwa aina ya bulldog kwa wenye pesa. Watoto wana vichwa vikubwa, mama ana nyonga nyembamba, wengi hawazai bila kisu. Tulipe kodi ili wazidi kuzaliwa?

Mchangiaji wa pili:
Niko kliniki, hilo la bulldog sikubishii. Ila hayo masomo ya nyongeza atafundisha nani? Umesahau pia brusela ya mbwa, ugonjwa wa bakteria unaoharibu mimba. Jike anatupa mimba wiki ya saba au ya nane, mwenye nyumba anazoa kwa mikono mitupu, na ugonjwa huo unampata binadamu. Vipimo vilivyozoeleka vya brusela ya ng'ombe havimnasi kimelea huyu, kwa hiyo majibu yanarudi safi na jike anapandishwa tena. Bado kuna ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana: seli za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa. Unatibika vizuri kwa vinkristini, dawa ya saratani, mradi mtu autambue.

Mleta mada:
Mchangiaji wa kwanza kanisogeza kidogo. Basi kodi ilipe kwa mkataba: akihitimu, kwanza afundishe wenzake na atibu mbwa wa watu wa kawaida. Kugandisha mbegu na kupandikiza, wafugaji wa biashara wajilipie wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Mikataba ya hivyo tunaijua, mtu anahitimu anapotea. Weka kwamba akiivunja anarudisha kila senti, hapo tutaongea. Na ng'ombe bado anatangulia kwenye foleni.