Mei 4 Uholanzi: zile dakika mbili za ukimya ni za nani?

Wakuu salaam, hili naomba tulijadili bila jazba.

Kwa msiojua, Waholanzi wana siku mbili zinazofuatana, Mei 4 wanakumbuka waliokufa vitani, Mei 5 wanasherehekea kukombolewa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1945. Ya tarehe 4 ilinikuta Rotterdam ndani ya tramu, saa mbili kamili usiku, jua bado lipo, dereva akasimama palepale njiani, mzee mmoja mbele yangu akavua kofia akaishika kifuani, simu zote kimya. Mwili ulinisisimka.

Sasa kinachonikera ni hiki. Wanaokumbukwa rasmi ni Waholanzi, raia na wanajeshi, kuanzia vita kuu ya pili na kuendelea, ikiwemo vita ya Indonesia ya 1945 mpaka 1949. Yaani nchi ndo kwanza imekombolewa, haijapumua hata, ikapeleka askari zaidi ya laki moja kurudisha koloni lililokuwa limeshajitangazia uhuru Agosti 17, 1945! Askari aliyefia kule shada la maua pale uwanja wa Dam, Amsterdam, linamhusu. Mwanakijiji wa Rawagede, kijiji cha huko Indonesia, aliyepigwa risasi na askari haohao Desemba 1947 hayumo. Na mahakama ya The Hague ilishasema 2011 kwamba serikali inawajibika kwa mauaji yale, mfalme akaomba radhi 2020, waziri mkuu wa wakati huo Rutte naye 2022. Umeshaomba radhi, kumtaja marehemu kunakushinda nini?

Wanaopinga kuwaongeza watu hao wanasema siku itapoteza maana, maana Wayahudi zaidi ya laki moja walichukuliwa nchini humo wakauawa. Hofu yao naielewa sana. 2012 kulikuwa na shairi la kijana wa miaka 15 kuhusu ndugu wa babu yake aliyejiunga na SS, kikosi cha Hitler, lisomwe pale Dam, watu wakapinga likaondolewa, na mimi naona walifanya sawa, yule alichagua upande. Wa Rawagede alichagua nini?

Na msiniambie kuna Agosti 15, hiyo ni ya kujisalimisha kwa Japani, wanakumbukwa walioteswa na Wajapani kule Indonesia.

Mlioko huko hasa nawasubiri, sentensi moja tu ikiongezwa kabla ya tarumbeta inayofungua ule ukimya, yule mzee wa kofia anapungukiwa na nini?