Naomba ushauri: uenyekiti wa bodi ya maji na nauli za wajumbe

Habari zenu wakuu. Nimeingia kwenye bodi ya chombo cha maji cha jamii huku Moshi Vijijini, hivi vilivyo chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Kikao cha kwanza tu, mzee mmoja kasema mwenyekiti wa zamani aendelee, watu wakapiga makofi, basi. Kura hakuna.

Mimi natoka juu mlimani, bodaboda kwenda na kurudi elfu sita, mfukoni mwangu. Kumuuliza mhasibu, ananiambia nilete risiti. Risiti ya bodaboda jamani! Na daftari la posho nililoona wengine wakisaini halina hata tarehe.

Katiba ya chombo sijaonyeshwa. Nianzie kwa katibu, mkutano mkuu wa watumia maji, au niende RUWASA wilayani? Sitaki nionekane mkorofi, hawa ni majirani zangu.