Hamali anakojoa rangi ya kahawa: nianze na nini kabla ya kumvusha Mokowe, bara?

Kaskazi, Lamu
Salaam wakubwa. Hamali wa miaka 24, juzi ameshinda juani akipakua mawe na mchanga jahazini. Mapaja na mabega yamevimba, mkojo kama kahawa tungu. Kijiti cha mkojo kinaonyesha damu +++, lakini kwenye darubini sioni chembe nyekundu. Malaria hana. Alishachomwa daiklofenaki dukani. Mashua ya rufaa ni asubuhi. Usiku huu nifanye nini?

Darubini, Malindi
Jibu unalo mkononi, daktari: shuku misuli kuvunjika (rabdomayolisisi). Kijiti hakijui kutofautisha damu na mayoglobini, protini inayomwagika misuli inapovunjika. Zungusha damu kwenye sentrifuji: majimaji ya juu yakiwa mekundu, zinazovunjika ni chembe za damu, yakibaki na rangi yake ya kawaida, ni misuli. CK, kimeng'enya cha misuli kinachopimwa kwenye damu, ikipita uniti 1,000 kwa lita shaka imekwisha, ikipita 5,000 figo zimo hatarini. Ila usingoje CK ndipo uanze tiba. Na mkojo ukitakata msimruhusu haraka, mayoglobini hutoka mwilini mapema kuliko CK, ambayo kilele chake ni siku ya 1 hadi ya 3.

Mama Wodi
Kaskazi, dripu sasa hivi, mashua itamkuta nayo. Maji ya chumvi ya 0.9%, lita 1 hadi 1.5 kwa saa ya kwanza, halafu rekebisha kwa kufuata mkojo: weka mpira wa mkojo, pima kila saa, unatafuta mililita 200 hadi 300. Sikiliza mapafu kila mara. Yakianza kulia majimaji na mkojo hautoki, punguza, huyo anahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mkojo ukiwa mchache, mayoglobini hugandamana kwenye vijifereji vya figo na kuviziba, na chuma kilichomo huviunguza. Wengine hukimbilia Lasix, dawa ya kukojoza, wakiona mkojo hautoki. Kwa mtu aliyekaukiwa maji hiyo ni kumkausha zaidi.

Cha kuogopa usiku huu hasa ni potasiamu inayomwagika kutoka kwenye misuli, inaweza kusimamisha moyo kabla figo hazijakufa. Mpige kipimo cha umeme wa moyo. Mawimbi ya T kwenye mchoro wake yakichongoka, ni dalili ya potasiamu nyingi: kalsiamu glukoneti 10%, mililita 10, polepole kwa dakika 5 hadi 10, kisha insulini uniti 10 pamoja na glukosi 50% mililita 50, na sukari uipime kila saa. Kalsiamu ikisoma chini tu, bila dalili wala mabadiliko ya moyo, iache. Baadaye hupanda yenyewe.

Mizani
Daiklofenaki na brufeni marufuku, hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Maumivu, paracetamoli. Muulize dawa nyingine pia, ingawa kwa umri wake sitarajii: simvastatini (ya kolesteroli) ikikutana na erithromaisini (antibiotiki) huvunja misuli hata bila kubeba mawe.

Kaskazi, Lamu
Shukrani. Maji ya chumvi ninayo chupa 4 tu. Ringer, ile dripu yenye potasiamu kidogo, je?

Mama Wodi
Anza na chumvi. Zikiisha tia Ringer, potasiamu yake ni ndogo na kumwacha mkavu ni hatari zaidi. Na paja likikaza kama ubao, au akilia kwa maumivu ukimkunja vidole vya mguu, misuli inabanwa na uvimbe wake, piga simu kwa daktari wa upasuaji usiku huu huu. Mapigo ya mguuni yakiwepo yasikudanganye, hupotea mwisho kabisa.

Darubini, Malindi
Kwenye barua ya rufaa andika saa ya kila chupa na mkojo wa kila saa.