Naomba ushauri: wanafunzi wa kemia wanaona mazingira ni hadithi tu

Mwalimu_Labu: Wadau habari zenu. Nafundisha kemia ogani mwaka wa pili hapa Kampala, sasa idara inataka tuingize mambo ya mazingira na jamii kwa kozi. Nikapiga leksha ya zile kanuni 12 za kemia ya kijani (kutengeneza kemikali bila sumu na taka nyingi) za Anastas na Warner (1998), aki darasa lote likasinzia, mmoja akauliza "sir, hii iko kwa mtihani?" Labu yetu ni flaski na mizani, hatuna mashine za ajabu. Nyinyi mnafanyaje?

KemiaMtaani: Pole ssebo. Si mnatengeneza aspirini kwa praktikali? Anzia hapo. Kwa uzito wa molekuli, asidi ya salisiliki 138, anhidridi ya asetiki 102, aspirini inatoka 180, ile 60 inakuwa asidi ya asetiki, yaani hata kazi ikienda sawa kabisa ni 75% tu ya uzito imeingia kwa dawa. Halafu wapime na wanachomwaga kwa sinki, maji ya kuoshea, ethanoli, barafu, maana hiyo 75 haihesabu hivyo vitu hata kidogo, hapo ndio usingizi utaisha 😂

DadaWaBusia: Sawa, na jamii iko wapi hapo? Huku kwetu dhahabu inakamatwa na zebaki, mtu anachanganya kwa mikono, anachoma, mvuke wote kifuani. Uganda iliridhia mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, 2019 lakini mkataba haununui posho. Waulize kwa nini mchimbaji haachi: zebaki inapatikana, inafanya kazi haraka, na mnunuzi anangoja pale nje. Atakayejibu "waelimishwe" peke yake mpe sifuri.

MzeeChaki: Huyo wa mtihani ameuliza vizuri, mtoto anasoma penye alama. Kwa ripoti ya praktikali weka alama 5 kati ya 20 za taka tu: zimeenda wapi, nani anazikuta huko chini. Kampala mtaro wa Nakivubo unamwaga kwa ziwa Viktoria, na maji mengi ya jiji yanavutwa Ggaba, ghuba hiyohiyo.

Mwalimu_Labu: Weee, Ggaba naibeba hiyo. Dada, zebaki niwaonyeshe kidogo labu?

DadaWaBusia: Usithubutu. Tafuta mama aliyewahi kuifanya hiyo kazi aje aongee nao, na umlipe nauli na siku yake.